UNASAWAZISHA UBAO KWA RAUTA? BITI KUBWA SI DAWA



Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, hazikimbii. Nataka tuzungumze jambo la useremala, khasa kwa vijana wetu wanaotumia mashine ya rauta kusawazisha mbao pana. Najua kuna atakayeuliza, hivi hii nayo habari? Ndiyo, ni habari. Kijana akipoteza jicho karakanani ni habari, na ubao uliosubiriwa miaka mitatu ukiharibika kwa sekunde tatu ni habari vile vile. Mimi yamenikuta hayo ya pili, na ya kwanza yakanipita karibu sana. Ndo mana naandika.

Kisa chenyewe hiki. Kwetu ni Wawi, hapa nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Nyuma ya nyumba ya marehemu baba kulikuwa na mvule mkubwa, mwaka mmoja ukaangushwa na upepo wa kusi. Kibali kikatafutwa, gogo likapasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, tukapata mabao mawili, kila moja upana sentimita 60, urefu mita 2, unene inchi mbili na nusu. Tukayapanga chini ya banda, tukayawekea vibanzi katikati ili hewa ipite, tukasubiri. Mama alishasema zamani: moja litakuwa meza ya chakula, watu wanane wakae kwa nafasi.

Miaka mitatu ikapita. Sasa msumeno wa mnyororo, si mnajua, hauachi uso bapa. Unaacha milima na mabonde, halafu ubao wenyewe ukikauka unajipinda, kona moja inanyanyuka. Fundi mmoja mzee wa jirani akaniambia, "Niachie mwanangu. Ntalipitisha tezo, kisha ntalipiga randa. Siku nne tano litakuwa bapa."

Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako naitunza, lakini tunayo rauta ya ndugu yetu. Kazi ya asubuhi moja tu."

Akasema, "Haya, mashine yenu. Ila tizameni mnachokitia mdomoni mwake."

Sikumsikiliza. Nikaenda dukani (duka silitaji), nikaomba biti ya kusawazishia. Muuzaji akanipa kubwa kuliko zote, upana milimita 50, akasema hii ndo kiboko yao. Shina lake lilikuwa milimita 12. Koleti ya mashine yetu ni ya nusu inchi. Ikaingia, tukakaza kwa spana mpaka mishipa ikatusimama, tukawasha kwa mwendo wa mwisho. Pito la kwanza safi, la pili safi. La tatu sauti ikabadilika, biti ikawa inateremka kwenye koleti wenyewe hatuna habari, ikachimba. Mashine ikaruka. Kipande cha mvule ukubwa wa kibiriti kikapita kando ya uso wa kijana aliyeshika upande wa pili, hana miwani, mguuni kavaa ndara. Alhamdulillahi hakikumpata. Ubao ukabaki na mtaro wa kina cha sentimita mbili karibu na ukingo.

Yule mzee alipokuja kuangalia hakucheka. Aliichukua biti, akaigeuza chini juu, akaitazama kitako, kisha akauliza, "Nani kakuchagulieni hii?"

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi, nimesoma, na nimejaribu kwa mkono wangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA TUIELEWE KAZI YENYEWE

Tumeizoea rauta kwa kazi nyingine: kupamba ukingo wa mlango, kuchimba njia ya kioo, kutoa nafasi ya bawaba. Katika kazi hizo makali ya ubavuni ndiyo yanayohangaika.

Kusawazisha ni kazi nyingine kabisa. Unaweka reli mbili za kimo kimoja, moja kushoto na moja kulia kwa ubao. Juu ya reli kunateleza kigari cha mbao, na ndani ya kigari inatembea rauta. Biti inakwenda na kurudi kwa kimo kile kile. Mlima wowote uliozidi kimo hicho unakatwa, bonde linaachwa mpaka zamu yake ifike. Tezo inafuata jicho la fundi, randa inafuata uso wa ubao, lakini rauta inafuata reli. Reli zikiwa zimepinda, ubao nao utapinda, hata biti iwe ya dhahabu.

Kwa hiyo hapa anayekata ni kitako cha biti. Ubavu unafanya kazi milimita moja au mbili tu. Ukishalielewa hili, nusu ya uchaguzi umeshaufanya. Biti ndefu yenye makali ya inchi mbili ubavuni haikusaidii chochote. Inazidi kuning'inia mbali na koleti, inatetema, na ukiyumba kidogo inachimba. Biti ya kusawazishia inatakiwa fupi na nene.

GEUZA BITI, TAZAMA KITAKO

Mzee alikuwa anatazama mambo matatu.

La kwanza, makali ya chini yanafika wapi? Biti nyingi za bei rahisi zina makali ubavuni, lakini chini ni chuma kitupu. Hiyo haikati uso, inausugua na kuuunguza. Unataka makali yanayotoka ukingoni kuelekea katikati.

La pili, makali yote yako kimo kimoja? Isimamishe biti juu ya kipande cha kioo. Kama jino moja linagusa na jingine linaelea, basi jino moja ndilo litakalofanya kazi yote na ubao utatoka na mistari. Irudishe.

La tatu, kona zake zikoje? Kona kali kama ya patasi inaacha mstari kila pito. Kona iliyoviringwa kidogo tu inaacha uso laini, na msasa unakuwa na kazi ndogo.

Halafu jambo moja la hatari. Biti nyingi pana katikati yake haina makali, kuna tundu au chuma. Hizo zinakata zikiwa zinatembea, hazitoboi. Ukiishindilia moja kwa moja chini katikati ya ubao, itasugua, itafuka moshi, na inaweza kukurukia. Ishushe kimo nje ya ubao, kisha ingia kwa ubavuni.

SHINA NDIYO ROHO YAKO

Hapa ndipo tulipokosea sisi, na naomba kila kijana alisome hili mara mbili.

Vifaa vinavyofika kwetu vinatoka pande zote. Vya Ulaya vinapimwa kwa milimita: 6, 8, 12. Vya Marekani vinapimwa kwa inchi: robo na nusu. Vya Uchina na India vinakuja vya namna zote mbili. Ukivishika mkononi vinafanana. Lakini robo inchi ni milimita 6.35, na nusu inchi ni milimita 12.7. Shina la 12 likiingia kwenye koleti ya nusu inchi linabaki na nafasi ya milimita 0.7. Utakaza mpaka spana ipinde, koleti itabana ncha tu. Mashine ikipata moto na kutetema, biti inateremka. Ndiyo iliyotukuta.

Usipime kwa rula, haitakuonesha tofauti hiyo. Tumia kalipa, kila karakana inapaswa kuwa nayo. Kama huna, soma kilichochongwa kwenye shina na kwenye koleti. Kimoja kikiwa cha milimita na kingine cha inchi, usivioze.

Nimeona mtu akizungushia bati la kopo la soda kwenye shina ili "likae". Jamani! Hicho ni kifo kinachozunguka mara 20,000 kwa dakika. Ipo mikono ya chuma ya kupunguzia, imechongwa kiwandani kwa vipimo kamili, hiyo sawa. Bati, utepe na karatasi, hapana.

Ukiitia biti, iingize mpaka chini, kisha irudishe nje milimita 2 au 3. Ikigusa chini, ukikaza haibani vizuri. Shina liwe limezama si chini ya milimita 20, na kama limechorwa mstari wa kiwanda, mstari huo uzame. Kisha chukua kalamu ya wino, piga alama pale shina linapokutana na koleti. Washa mashine hewani dakika moja, zima, chomoa waya, tazama. Alama imesogea? Usiguse ubao. Kalamu hiyo ingeniokolea mtaro wa sentimita mbili.

UPANA: TUFANYE HESABU

Sasa tuje kwenye lile la muuzaji, "chukua kubwa, utamaliza haraka". Tupige hesabu kwa ubao wangu wa mita 2, rauta ikikata kwa kukingama. Kila pito unapiga kama theluthi mbili za upana wa biti, theluthi moja inalalia pale palipokwisha katwa.

Biti ya milimita 12: unasogea milimita 8, mapito 250.
Biti ya milimita 25: unasogea kama milimita 17, mapito karibu 120.
Biti ya milimita 38: unasogea milimita 25, mapito 80.
Biti ya milimita 50: unasogea milimita 33, mapito kama 60.

Mmeona? Kutoka 12 kwenda 38 umeokoa mapito 170. Hapo kweli umepumzika. Lakini kutoka 38 kwenda 50 umeokoa mapito 20 tu, chai haijapoa. Na kwa mapito 20 hayo umelipa nini? Biti nzito zaidi, ghali zaidi, inayohitaji mashine yenye nguvu zaidi, na ukingo wake unakimbia kasi zaidi.

Tena kuna jambo la pili watu hawalisemi. Rauta ikiwa imeinama kidogo tu, labda kwa sababu kigari kimebonyea kati, biti pana inaonesha kosa hilo kuliko nyembamba. Upande mmoja unazama, mwingine unaelea, ubao unatoka na ngazi ngazi. Ukiwa na biti ya 50 na kigari cha plaiwudi nyembamba, utapiga msasa mpaka Idd.

MWENDO NAO NI SEHEMU YA KUCHAGUA

Biti zote kwenye mashine ile ile zinazunguka sawa, lakini ukingo wa biti pana unasafiri njia ndefu zaidi kila mzunguko. Kwa mizunguko 22,000 kwa dakika, ukingo wa biti ya milimita 12 unakwenda kama kilomita 50 kwa saa, mwendo wa daladala mjini. Ukingo wa biti ya 50, kwa mizunguko hiyo hiyo, unapita kilomita 200 kwa saa. Sisi ndivyo tulivyoiwasha.

Kwa hiyo biti inavyozidi upana, mizunguko inapungua:

Hadi milimita 25: mwendo wa juu unafaa, 20,000 hadi 22,000.
Milimita 26 hadi 38: 16,000 hadi 18,000.
Milimita 39 hadi 50: 12,000 hadi 16,000.
Zaidi ya 50: 10,000 hadi 12,000, na mashine kubwa peke yake.

Biti ya kiwanda cha kuaminika inachongwa kwenye shina mwendo wake wa mwisho. Namba hiyo ndiyo inayotawala, si yangu. Na zile namba 1 mpaka 6 kwenye swichi ya rauta si maelfu ya mizunguko, lazima usome karatasi ya mashine ujue 3 ni ngapi.

Kama rauta yako haina swichi ya kupunguza mwendo, jambo limekwisha: usivuke milimita 25. Na kama ni ile rauta ndogo ya mkono mmoja yenye shina la milimita 6 au robo inchi, kaa kwenye 19 hadi 22, na ukate milimita moja kwa pito au chini ya hapo. Itachelewa, lakini itafika.

AINA ZA BITI UTAKAZOZIKUTA

Biti nyoofu ya makali mawili. Ndiyo inayopatikana kirahisi. Kwa ubao mdogo, kama wa kiti au kigoda, inatosha ukikagua kitako chake. Kwa meza utachoka.

Biti ya msokoto. Nzuri sana kwa kuchimba matundu, mana inatoa maranda juu. Lakini nguvu yake iko ubavuni na bei yake iko juu. Kwa kusawazisha ni kununua ngalawa ya kuvukia mtaro.

Biti ya kusafishia kitako. Fupi, pana, makali mawili au matatu ya kabaidi yaliyochomelewa. Hii imetengenezwa kwa kazi yetu khasa. Ukiipata ya milimita 32 hadi 38, shina la 12 au nusu inchi kulingana na koleti yako, umepata mwenza.

Biti ya trei. Kona zake zimeviringwa sana kwa ajili ya kuchonga sinia na bakuli. Inaacha uso bila mistari, ila sehemu yake iliyo bapa ni ndogo kuliko upana ulioandikwa. Piga hesabu yako kwa ile sehemu bapa.

Biti ya vipande vya kubadilisha. Mwili wa chuma, na vipande vya kabaidi vya mraba vimefungwa kwa skrubu. Kila kipande kina makali manne. Upande ukichoka, unalegeza, unageuza, unakaza, umepata biti mpya. Bei ya mwanzo inauma, lakini kwa fundi wa kila siku inajilipa. Angalizo: ukigeuza, safisha vumbi pale kipande kinapokaa. Chembe moja ya maranda chini yake inakinyanyua, na skrubu isiyokazwa ni risasi.

Zile biti za chuma cha kawaida zisizo na kabaidi, kwa mbao zetu ngumu usipoteze pesa.

MITI YETU HAILINGANI

Ukinunua biti bila kujua unakata nini, umenunua kiatu bila mguu.

Mvule una mambo mawili. Nyuzi zake zinapishana, huku zinaelekea kusini, huku kaskazini, ndo mana randa ya mkono inaung'oa. Hapo rauta inashinda, kwa sababu inang'ata kidogo kidogo. Lakini mvule pia una mawe. Sio hadithi: ndani ya mti huu hujengeka vinundu vigumu vya chokaa, na kwa nje huvioni. Kabaidi ni ngumu lakini inavunjika kama kikombe. Ikigonga jiwe hilo, kona inapukutika. Kwa mvule mimi sasa naona biti ya vipande vya kubadilisha ndiyo yenye akili, mana kona ikipukutika unageuza kipande, hutupi biti nzima.

Msaji, wengine huuita mtiki, una silika inayokula makali polepole. Haukati vibaya, ila ukiona biti inaanza kuunguza, jua makali yamekwisha.

Mwembe na mfenesi ni laini zaidi na biti ya kawaida ya kabaidi inatosha. Tatizo la mwembe ni haraka ya wenyewe: unakatwa leo, kesho unataka kuwa kitanda. Ubao mbichi ukiusawazisha leo, mwezi ujao umejipinda tena kama dau. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene.

Mnazi ni mgumu kwa nje na laini kwa ndani, na unalewesha makali upesi. Pita kidogo kidogo.

Msonobari unaotoka bara, kama ule wa shamba la Sao Hill kule Mufindi, unakatika kirahisi lakini utomvu wake unaganda kwenye biti, biti inapata moto. Ichomoe, isafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, ikauke ndipo uirudishe. Na mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, usizigeuze vumbi bila kinga, na maranda yake usiyapikie.

JINSI YA KUPITA

Kwanza lilaze bao lisitikisike. Kona iliyonyanyuka itie kabari, usiilazimishe chini kwa klampu, mana ukifungua itarudi ilikotoka. Tafuta mlima mrefu kuliko yote, shusha biti mpaka iuguse kidogo tu, anzia hapo. Milimita moja, ukiwa na mashine kubwa mbili. Pito la mwisho nusu milimita, na ukiweza lifuate mkondo wa nyuzi, si kukingama.

Biti inazunguka kama saa ukiitazama kwa juu. Kwa hiyo ukiisukuma mbele, sehemu ambayo haijakatwa iwe upande wako wa kushoto. Hapo biti inasukumana nawe na unaitawala. Ikiwa kulia, biti inajivuta yenyewe, inakimbia na mikono yako. Ukirudi, rudi juu ya pale palipokwisha katwa.

Upande mmoja ukimalizika, geuza bao, ule uso bapa uwe chini, fanya wa pili. Hapo unene utakuwa mmoja kote.

UMEME NA VUMBI

Tangu mwaka 2010 Pemba imeunganishwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, hatuko tena kwenye majenereta ya dizeli peke yake. Lakini mashine za mitumba zinakuja na umeme wao. Ya Marekani inataka volti 120. Na ya Uingereza usiamini upesi: vifaa vya kule kwenye sehemu za ujenzi, vyenye plagi ya njano, ni vya volti 110. Kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaikaanga. Na waya mwembamba wa kuunganishia wa mita 30 unaipunguzia mashine nguvu, biti inazubaa ndani ya mti na kuunguza, halafu tunalaumu biti.

Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Rauta inatoa vumbi jingi kuliko randa. Barakoa, miwani, viziba masikio, na viatu vya kufunika. Nguo isiwe ya kupepea, kanzu ivue. Kijana akija kazini na ndara mrudishe nyumbani. Atakasirika leo, atakushukuru akioa.

KWA UFUPI

Ukienda dukani, uliza kwa mpangilio huu: koleti yangu ni ya ngapi, mashine yangu inapunguza mwendo au haipunguzi, nakata mti gani, kitako cha biti kikoje. Upana uje mwisho. Karakana nyingi za kwetu zenye rauta kubwa, 32 hadi 38 inatosha na kubaki. Muuzaji akianza na upana, muulize yeye shina ni ngapi. Akishindwa kujibu, sema ahsante, toka.

Bao letu? Mtaro ulikuwa karibu na ukingo, ikabidi tupasue sentimita 12 kwa urefu wote. Kazi iliyobaki alikuja kuisimamia yule mzee mwenyewe, kwa biti ya milimita 38, swichi tumeiteremsha, alama ya kalamu kwenye shina. Tulimaliza pande zote mbili siku mbili. Alipopitisha kiganja juu yake alisema neno moja tu, "Inafaa." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Meza iko nyumbani Wawi, inakaa watu sita. Mama hajasema kitu. Lakini kila Idd tukijaa, wawili wanakula mkekani, na mimi najijua ndiye wa kwanza kushuka.

Mafundi mliobobea, nimekosea wapi? Nisahihisheni hapo chini, na wenye uzoefu wa mkungu na mtondoo tunawasubiri. Naomba kuwasilisha.